"Pole, yameisha": mtu akiumia saiti, nani anatakiwa kufanya nini?

Mpwa wangu alinipigia simu jioni moja, mguu umefungwa bandeji kutoka kwenye kifundo hadi karibu na goti. Ni saidia fundi kwenye jengo la ghorofa linalojengwa hapa Dar es Salaam. Baada ya shikamoo na marahaba akanisimulia: walikuwa wanapandisha nondo kwa winchi, kifungu kikalegea, nondo mbili zikachomoka na moja ikamshukia mguuni. Fundi mkuu akampakia bodaboda hadi zahanati, akashonwa nyuzi saba, kisha akakabidhiwa shilingi 50,000 na kauli moja: "Pole, yameisha."

"Mjomba," akaniuliza, "kweli yameisha?"

Hayajaisha. Ila kumweleza kwa nini hayajaisha kulimaliza salio lake lote, maana suala lenyewe limefungwa fundo juu ya fundo: OSHA (wakala wa usalama kazini), WCF (mfuko wa fidia), CRB (bodi ya makandarasi), injinia, mkandarasi, halmashauri, mwenyekiti wa mtaa. Majina hayo hayo tuliyataja kwa hasira asubuhi ya Jumamosi, 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Kila kijiwe kilikuwa na swali moja: "Walikuwa wapi?" Swali zuri, lakini wengi tuliokuwa tukiuliza hatukujua nani alipaswa kuwa wapi. Basi tulifungue fundo moja baada ya jingine. Nitazungumzia zaidi Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina sheria yake ya mambo haya.

Saiti ni kama shughuli ya harusi

Ukiona watu 60 kwenye jengo moja, usidhani wote wameajiriwa na mtu mmoja. Fikiria harusi. Yupo mwenye shughuli, yaani mwenye jengo, ambaye ndiye mwenye fedha. Yupo anayemshauri na kumchorea: mbunifu majengo na mhandisi. Yupo aliyepewa shughuli nzima aisimamie, ambaye ni mkandarasi mkuu. Huyo naye hapiki kila chungu mwenyewe. Umeme anampa mwingine, mabomba mwingine, na zege anapatana na fundi mkuu kwa bei ya slabu nzima, yaani sakafu ya zege ya ghorofa. Fundi mkuu ndiye anayekwenda kijiweni saa kumi na mbili asubuhi kuokota vibarua kumi.

Mpwa wangu, ukimuuliza bosi wake ni nani, atakutajia fundi mkuu. Kwake hiyo ndiyo ajira: jina la utani na namba ya simu. Kampuni ambayo jina lake limeandikwa kwenye bango la nje hajawahi kuongea na mtu wake hata mmoja.

Hapo pameanza tatizo, na hata huyo fundi mkuu tusiharakishe kumfanya shetani wa hadithi. Amepatana bei moja kwa slabu nzima. Mbao na mirunda ya kushikilia slabu ni ya kukodi, na kila siku inayoongezeka inakula faida yake. Vibarua wanalipwa kwa siku. Kwa hiyo kila dakika ya kufunga kamba vizuri, kuzungushia eneo uzio au kungoja zege likomae inatoka mfukoni mwake. Hakuna aliyemwambia afanye kazi ya hatari. Bei aliyopewa ndiyo iliyomwambia. Unapomsikia mwenye jengo anajisifu kwamba amepata fundi wa bei ya chini kuliko wote, jiulize ni kitu gani kilichopunguzwa hadi bei ikafika hapo.

Sheria haikubali mnyororo huu utumike kama kichaka cha kujifichia. Wajibu wa usalama wa eneo la kazi unabaki kwa mwajiri na kwa mkandarasi anayelisimamia eneo hilo. Hauyeyuki kwa sababu kazi imekatwa vipande na kugawanywa.

OSHA ni nani? Inategemea umesimama nchi gani

Jina hili huwachanganya hata wasomi. Tanzania, OSHA ni wakala wa serikali: Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, anayesimamia Sheria namba 5 ya mwaka 2003. Ukivuka Namanga kwenda Kenya, watu wakisema OSHA wanataja sheria yenyewe, ile ya mwaka 2007, na wanaoisimamia ni idara inayoitwa DOSHS. Marekani nako kuna OSHA, chombo cha serikali ya shirikisho kilichotokana na sheria ya mwaka 1970, na kadi zao za mafunzo huonekana kwenye wasifu wa vijana wetu walizozisomea mtandaoni. Ni elimu nzuri, lakini haimfanyi mwenye kadi kuwa mkaguzi wa Tanzania.

OSHA ya kwetu inasajili maeneo ya kazi, inakagua, inafundisha na inaweza kuchukua hatua za kisheria. Haitoi kibali cha ujenzi. Hiyo ni kazi ya halmashauri. Haisajili makandarasi, hiyo ni kazi ya CRB, Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Wahandisi wako chini ya ERB, na wabunifu majengo pamoja na wakadiriaji majenzi wako chini ya AQRB. Fidia ya aliyeumia iko WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mpira wa miguu una mwamuzi wa kati, wa pembeni na kamisaa. Ukimfokea kamisaa kwa sababu ya kuotea, utapiga kelele hadi dakika ya tisini na hakuna kitakachobadilika.

Kihatarishi na hatari ni vitu viwili

Watu wa usalama wana neno lao, kihatarishi. Maana yake ni kitu chenye uwezo wa kudhuru. Kisima ni kihatarishi. Hatari ni uwezekano wa kihatarishi hicho kumdhuru mtu kweli, na ukubwa wa madhara yenyewe. Kisima chenye mfuniko na kufuli, katika nyumba ya wazee wawili, kina hatari ndogo. Kisima kile kile bila mfuniko, uani penye watoto watano wanaocheza kombolela, ni balaa linalosubiri saa yake. Kisima hakijabadilika kitu.

Kwa hiyo mtu anaposema "kazi ya ujenzi ni ya hatari, ndivyo ilivyo," amechanganya mambo mawili. Urefu wa ghorofa ya saba ni kihatarishi usichoweza kukiondoa. Kuanguka kutoka ghorofa ya saba ni jambo jingine kabisa, na lina kinga yake. Na anayesema "ajali ni mapenzi ya Mungu" simkosoi imani yake, ila nondo iliyofungwa kwa waya uliooza ilifungwa na binadamu mwenye jina.

Helmeti ni kinga ya mwisho

Huu ndio upotofu ulioenea kuliko wote. Kampuni inanunua kofia ngumu mia moja na vizibao vya kung'aa, wanapiga picha, na usalama umekamilika.

Tumfikirie mbu. Njia bora kuliko zote ni kufukia dimbwi anapozaliana. Ukishindwa, weka wavu madirishani. Ukishindwa na hilo, lala ndani ya chandarua. Ukikosa vyote, jipake mafuta ya kufukuza mbu na uombe usiku uwe mfupi. Kila unavyoshuka kwenye ngazi hiyo, kinga inazidi kumtegemea mtu mmoja asisahau, asichoke, asipitiwe.

Helmeti ni mafuta ya kujipaka. Inasaidia, tena sana, kokoto au kipande cha mbao kikidondoka, na mwajiri ndiye anayetakiwa kuinunua bila kumkata kibarua ujira wake. Lakini kifungu cha nondo hakijui kama umevaa helmeti. Kwa mpwa wangu, dimbwi la kufukia lilikuwa hili: mtu yeyote asiwe chini ya mzigo unaopandishwa. Basi. Baada ya hapo zingefuata kamba mbili badala ya moja, eneo la chini lizungushiwe, na mtu mmoja asimame na filimbi. Helmeti ingekuja mwisho wa orodha. Naye siku hiyo alikuwa nayo kichwani, nyeupe, mpya.

Mashimo ya msingi ni hivyo hivyo. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu hivi, karibu sawa na gari dogo la abiria. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kukosa pumzi huku kichwa kikiwa nje, kwa sababu kifua hakina nafasi ya kutanuka. Hakuna kizibao wala gambuti la kuzuia hilo. Kinga ni kuzishikilia kuta za shimo kwa mbao au vyuma, au kuzikata kwa mteremko, kabla mtu hajashuka.

Na zege. Slabu ikimwagwa leo, kesho unaweza kutembea juu yake, na hapo ndipo macho yanapodanganya. Nguvu ya zege hupimwa kwa kawaida baada ya siku 28. Baada ya wiki moja limefika kama thuluthi mbili tu ya nguvu hiyo, likiwa limemwagiliwa vizuri. Mirunda inayoonekana inajaza nafasi chini ya slabu inafanya kazi ya plasta gumu kwenye mguu uliovunjika. Ukiikata mapema kwa sababu mgonjwa anasema hasikii maumivu, utakuja kuyasikia wewe. Mhandisi ndiye wa kusema lini itoke na kwa mpangilio gani. Fundi anayedaiwa kodi ya mirunda hapaswi kuachiwa uamuzi huo.

Niongeze hapa kitu ambacho hakipigwi picha. Shirika la Kazi Duniani linakadiria kwamba watu takribani milioni 2.9 hufa kila mwaka kutokana na kazi zao, na kati yao kama milioni 2.6 huuawa na magonjwa, siyo ajali. Kwenye ujenzi adui huyo ni vumbi. Ukikata marumaru au zege kwa grainda bila maji, unavuta chembe za silika zinazokaa mapafuni na kuyafanya yakakamae polepole, miaka kumi, ishirini. Mtu anakohoa, anatibiwa kifua kikuu, anarudi, anakohoa. Ndiyo maana sheria ya 2003 inataka mfanyakazi apimwe afya kabla ya kuanza kazi na wakati akiendelea nayo. Ndoo ya maji na mpira wa kumwagilia kwenye grainda havigharimu kitu kikubwa.

Nani ana ruhusa ya kusema "simama"?

Kwenye saiti nyingi, asubuhi kuna mazungumzo mafupi ya usalama kabla ya kazi. Nimewahi kusimama kwenye mojawapo. Afisa usalama aliongea dakika kumi kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza, akauliza "kuna swali?", watu 40 wakatazama viatu vyao, wakasaini karatasi, wakaenda. Mzee mmoja fundi mwashi akaniambia baadaye kwamba ile ngazi ya upande wa nyuma ina hitilafu tangu wiki iliyopita. Mbona hukusema? Akacheka. "Mwanangu, kesho nitaamkia wapi?"

Sheria imelifikiria hilo. Mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne anatakiwa kuwa na mwakilishi wa usalama na afya aliyeteuliwa kwa maandishi. Huyu ni mfanyakazi mwenzenu. Kazi yake ni kukagua, kupokea malalamiko, kuyapeleka kwa mwajiri na kuwapo mkaguzi anapofika. Zaidi ya wanne ni watano, kwa hiyo hata saiti ya nyumba ya kupanga inaingia.

Kuhusu kuondoka penye hatari: Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 wa Shirika la Kazi Duniani unasema mfanyakazi aliyejitoa mahali ambapo, kwa sababu za msingi, anaamini pana hatari kubwa iliyo karibu, alindwe asiadhibiwe. Sheria ya Kenya ya 2007 imeliweka hilo waziwazi. Juni 2022 shirika hilo liliingiza mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu, hata kama haijaridhia mkataba wenyewe. Hapa ndipo chama cha wafanyakazi kinapokuwa na maana. Kwenye ujenzi kipo TAMICO, lakini kibarua wa siku tatu hapa na wiki mbili kule ni vigumu kumpata na ni vigumu zaidi kumbakiza.

Mimi ningeanza na daftari. Kiswahili kimetupa neno tamu ambalo wataalamu wanalihangaikia: chupuchupu. Tofali limedondoka likapita sentimita kumi kutoka kwenye sikio la mtu, wote wakacheka, kazi ikaendelea. Hilo ni onyo la bure, na saiti nyingi zinalitupa. Mpwa wangu aliponisimulia ya nondo, nilimuuliza kama kifungu kiliwahi kulegea kabla. "Mara mbili," akasema. "Ile ya pili ilimwangukia mbwa."

Uzio wa mabati hauzuii kitu

Sasa tutoke nje ya geti, maana jengo halina adabu ya kuangukia upande wa ndani.

Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10, na lilikuwa limefika 16. Ghorofa sita za ziada huwezi kuzificha chini ya mkeka. Zilijengwa mchana kweupe, mbele ya wapita njia, wauza duka na maofisa. Kila mtu aliziona. Aliyejua kwamba hazimo kwenye kibali na akawa na mahali pa kulipeleka, huyo ndiye aliyekosekana.

Kariakoo ilitufundisha somo jingine. Lile halikuwa jengo jipya. Lilikuwa na maduka na wateja ndani, na taarifa zilizotolewa zilihusisha kuporomoka kwake na uchimbaji uliokuwa ukifanyika chini. Waziri Mkuu aliunda tume ya watu 19 kukagua majengo ya eneo hilo. Kwa wasiojua kwa nini kuchimba chini kunaua juu, kumbuka mafiga matatu. Chungu hakisimami kwa nguvu zake. Kinasimama kwa sababu udongo chini ya kila figa umetulia. Chimba pembeni ya figa moja, hata usiliguse, na chungu kitainama. Jengo ni hivyo, na la jirani yako ni hivyo hivyo. Anayechimba kiwanja namba 5 anashika roho za waliolala namba 4 na 6.

Basi ile kauli ya "kiwanja si chako, yanakuhusu nini?" haina miguu. Ushiriki wa kiraia, ambao tumezoea kuufikiria kama kupiga kura kila baada ya miaka mitano, huanzia kwenye swali la aina hii: wanachimba nini ukutani kwangu?

Chombo cha kwanza cha raia ni lile bango la mradi watu wanalolipita kila siku. Linapaswa kuonyesha mwenye mradi, mkandarasi, mhandisi na mbunifu wake. Lisome. Saiti ya ghorofa isiyo na bango ni kama daladala isiyo na namba: huenda dereva ni mzuri, lakini kwa nini hataki kujulikana? Mkandarasi wa majengo ana daraja, kuanzia la kwanza hadi la saba, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi anayoruhusiwa kuchukua. Mwenye daraja la chini kabisa akiwa anapandisha mnara, CRB wanahitaji kusikia.

Kibali ukiulize halmashauri. Mwenyekiti wa mtaa hatoi kibali cha ujenzi wala hawezi kukifuta, na watu humlaumu bure kwa hilo. Anachoweza ni kumwita msimamizi wa saiti mbele ya wakazi, kuandika barua yenye muhuri, na kuipeleka kata na halmashauri. Barua yenye muhuri ina kilo zake kuliko kelele za kijiweni. Nyufa mpya ukutani, mlango uliokuwa ukifunga vizuri na ghafla unagoma, maji yanayotoka shimoni usiku: piga picha, andika tarehe, peleka.

Hapo hapo kuna kichekesho kichungu. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika 27 Novemba 2024, siku 11 baada ya Kariakoo. Ili umchague huyo mwenyekiti, ilibidi uwe mkazi uliyejiandikisha kwenye orodha ya mtaa wako mwezi Oktoba. Kibarua anayelala stoo ya simenti Kigamboni leo na Mbagala mwezi ujao ni mkazi wa wapi? Watu wanaoujenga mtaa kwa mikono yao ndio ambao orodha ya mtaa inawakosa kirahisi zaidi. Kampuni iliyotaka kuwa raia mwema ingeweza kuwapa saa mbili za ruhusa na barua ya makazi. Sijui ngapi zilifikiria.

Madawati 50 na shimo lisilozibwa

Kampuni nyingi zinapenda zaidi madawati. Wanapeleka madawati 50 shule ya msingi ya jirani, wanavaa fulana zenye nembo, mwalimu mkuu anashukuru, picha zinakwenda mtandaoni chini ya kichwa "kurudisha kwa jamii". Mtoto anayekalia dawati siyo wa kudharauliwa, nami siwakatazi. Shida inaanza madawati yanapofanya kazi ya mahari: tumeshatoa, sasa msituulize.

Kushirikisha jamii maana yake ni kuwaambia watu jambo kabla halijawafika na kuwaachia nafasi ya kulibadilisha. Malori ya zege yatapita saa ngapi, na watoto wa shule wanavuka saa ngapi? Mkono wa krini utapita juu ya paa la nani? Simu ya nani itapokelewa saa nane usiku ukuta ukianza kulia? Mama lishe wa getini ahamie wapi siku za kupandisha vyuma? Huyu mama lishe, kwa maoni yangu, anajua usalama wa saiti kuliko ripoti yoyote. Anajua nani amekuja kazini na pombe, nani hajalipwa wiki mbili na ana hasira, winchi gani inapiga kelele isiyo ya kawaida. Sijawahi kuona kampuni iliyomwuliza.

Turudi kwenye elfu hamsini

WCF ni mfuko ambao mwajiri peke yake ndiye anayechangia, kwa sasa asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa. Mfanyakazi hakatwi senti. Ukikatwa kwenye ujira wako kwa jina la mfuko huu, umeibiwa.

Mafao yake ni mapana kuliko watu wanavyodhani. Kuna matibabu. Kuna malipo ya ulemavu wa muda, kwa yule ambaye hawezi kufanya kazi kwa kipindi fulani: asilimia 70 ya kipato chake, kwa muda usiozidi miezi 24. Anayepata 400,000 kwa mwezi ni 280,000, mwezi hadi mwezi, hadi apone au muda uishe. Linganisha na zile noti za kufungia mdomo. Kuna malipo ya ulemavu wa kudumu, huduma za kumrudisha mtu kwenye uwezo wa kufanya kazi, msaada wa mazishi, na malipo kwa wategemezi wa aliyefariki. Magonjwa yanayotokana na kazi nayo yamo, likiwamo lile la vumbi.

"Lakini mimi ni kibarua." Kibarua pia anahusika. Mkataba si lazima uwe wa karatasi. Unaweza kuwa wa mdomo. "Lakini nilisaini fomu kwamba nikiumia ni juu yangu." Fomu hiyo haifuti wajibu ambao sheria imemtwika mwajiri. "Lakini nilikuwa na makosa mimi mwenyewe, sikuangalia juu." Mfumo wa fidia ulitengenezwa hasa ili familia isingoje mahakama imalize kubishana nani alikosea. "Lakini nimeshapokea elfu hamsini." Hiyo ni pole. Bibi mgonjwa anapewa pole ya elfu kumi na majirani, na hakuna anayesema ametibiwa.

Yenye kumponza mtu ni mawili: kimya na karatasi. Ajali isiyoripotiwa kwa mwajiri ni kama haijatokea, na dai linatakiwa lifike ndani ya miezi 12. Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu aandike siku, saa, alichokuwa anafanya, na majina ya watatu waliokuwapo. Atunze kadi ya zahanati na risiti ya dawa. Atume taarifa kwa maandishi kwa kampuni iliyo kwenye bango, siyo kwa fundi mkuu peke yake, na apige picha ya bango lenyewe. Wakikaa kimya, aende mwenyewe ofisi za Mfuko na OSHA na hivyo vikaratasi vyake mkononi.

Wiki iliyofuata alinipigia tena. Taarifa imepokelewa, injinia wa kampuni, ambaye hakuwahi kujua kama yupo duniani, amemwita akamwonyesha mahali pa kusaini fomu ya dai. Chini ya winchi kumezungushiwa utepe mwekundu na kijana amepewa filimbi. Pia wenzake, baada ya kusikia habari ya mwakilishi wa usalama, wamelipendekeza jina lake.

"Ila mjomba," akauliza, "huyo mwakilishi analipwa?"

Nikamwambia analipwa ule ule ujira wake wa kila siku. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema hata kwao ipo ngazi mbovu upande wa nyuma; ataanza na hiyo.